Mashairi ya Kale ya China: Dhana Zinazoficha Jamii Iliyoyazaa

Dhana: Ni mashairi ya mwezi, milima na pombe, shida za watu hazimo.

Ukweli: Mwezi umo, tena unapendeza ajabu kwa mtunzi Li Bai. Lakini msome Du Fu (712–770). Mwaka 755, akiwa njiani kwenda kwa mkewe na watoto, aliona nyumba za wakubwa zenye milango myekundu, pombe na nyama zikinuka ndani, na barabarani mifupa ya waliokufa kwa baridi. Aliyaandika hayo katika shairi lilelile linaloeleza kwamba alipofika kwake alikuta mwanawe mdogo amekufa kwa njaa.

Mwishoni mwa mwaka huo ukazuka uasi wa jenerali An Lushan, uliodumu hadi 763. Katika shairi la kijiji cha Shihao, ofisa anakuja usiku kukamata watu wa kupeleka jeshini. Mzee wa nyumba anaruka ukuta na kukimbia. Mkewe anatoka na kueleza: wanawe watatu walikwenda vitani, wawili wameshauawa. Halafu anajitoa yeye mwenyewe, bibi kizee, aende akawapikie askari. Du Fu halaani wala hahubiri. Anasimulia tu, nami sijui shairi la vita linalochoma kuliko hilo.

Dhana: Watunzi walikuwa wapweke waliojitenga na dunia.

Ukweli: Wapo waliokimbilia milimani, lakini wengi walikuwa watumishi wa serikali au watu waliotamani kuwa hivyo. Enzi ya Tang (618–907), kutunga shairi kulikuwa sehemu ya mtihani wa jinshi, mlango wa kupata cheo. Mwanamke hakuruhusiwa kuufanya. Mtunzi Yu Xuanji alitazama orodha ya waliofaulu, akasikitika kwamba vazi lake la kike limefunika ushairi wake.

Bai Juyi alikuwa ofisa wa wilaya alipotunga, mwaka 807, shairi la mavuno ya ngano. Mama mwenye mtoto mkononi anaokota masuke yaliyodondoka, kwa sababu mazao ya shamba lao yote yameishia kwenye kodi. Mtunzi anaona aibu: yeye halimi, na analipwa nafaka. Kwa hiyo mkulima tunamwona, ila kwa macho ya ofisa wa serikali ileile iliyomtoza. Msomaji asilisahau hilo.

Dhana: Kinachosemwa ndicho kilichokuwa, neno kwa neno.

Ukweli: Kumkosoa mfalme waziwazi kulikuwa hatari, hivyo watunzi walizungumzia enzi ya Han, iliyokwisha mwaka 220, huku wakimaanisha Tang yao. Du Fu alifanya hivyo alipolalamikia vita vya mipakani. Bai Juyi naye, akisimulia mwaka 806 mapenzi ya Xuanzong, mfalme wa Tang, na suria wake Yang Guifei, alianza na “mfalme wa Han”. Wasomaji wake walijua vyema ni mfalme yupi.