Dhana potofu kuhusu viwanda vya Marekani, na hesabu zinazozipinga

Wanaojadili viwanda vya Marekani huwa na kambi mbili: wanaosema vimekufa, na wanaosema ushuru wa forodha utavifufua. Kambi zote mbili husahau kwamba kiwanda hununua kabla hakijauza. Hununua chuma, plastiki, gesi, mashine, saa za fundi na mkopo wa benki. Sera inayomtazama mwenye kiwanda kama muuzaji tu huacha nusu ya daftari lake bila kusomwa, na dhana nyingi zilizo hapa chini zimetokana na kosa hilo.

Dhana: Marekani haitengenezi kitu tena

Ni rahisi kuamini hivyo ukihukumu kwa rafu za dukani: fulana, viatu, simu, midoli. Bidhaa hizo kwa sehemu kubwa zilihamia nchi nyingine zamani. Kinachotengenezwa Marekani leo ni vitu ambavyo mlaji wa kawaida hanunui: ndege, mitambo ya gesi ya kufua umeme, kemikali, dawa, vifaa vya hospitali, matrekta, mashine za kutengenezea chipu. Abiria wa ndege ya Boeing Dreamliner ya Air Tanzania au Kenya Airways amekalia kazi ya Everett, Washington, au ya North Charleston, South Carolina.

Thamani inayoongezwa na viwanda vya Marekani ni karibu dola trilioni 2.9 kwa mwaka, ya pili duniani baada ya China. Kilichoshuka ni sehemu yake katika Pato la Taifa, ambayo sasa ni kama asilimia 10, na idadi ya wafanyakazi: kutoka takribani milioni 19.5 mwaka 1979 hadi chini kidogo ya milioni 13. Tena, mtu akisikia "mwenye kiwanda" asimwone Boeing peke yake. Zaidi ya asilimia 98 ya kampuni za uzalishaji zina wafanyakazi chini ya 500, na robo tatu zina chini ya 20. Hao wadogo ndio ambao sera huwapiga kwanza, kwa sababu hawana idara ya sheria wala akiba ya kungoja mambo yatulie.

Dhana: Ushuru hulipwa na nchi iliyouza

Ushuru wa forodha hulipwa na mwagizaji, yaani kampuni iliyo Marekani ambayo jina lake limo kwenye hati za kuingiza mzigo. Ni kama mfanyabiashara wa Nairobi mbele ya forodha ya Mombasa: muuzaji wa Guangzhou keshalipwa, anayedaiwa ni mnunuzi.

Tuchukue mfano wa karakana ya Ohio inayounda fremu za trela. Inaagiza tani 100 za koili za chuma kwa dola 800 kwa tani. Ushuru wa chuma chini ya Kifungu cha 232 cha Sheria ya Upanuzi wa Biashara ya 1962 ulianza kwa asilimia 25 Machi 2018, na tarehe 4 Juni 2025 ulipandishwa hadi asilimia 50 kwa karibu nchi zote. Hesabu ya mzigo mmoja kwa kiwango hicho ni hii:

- Bei ya chuma: dola 80,000
- Ushuru, asilimia 50: dola 40,000
- Ada ya forodha ya kushughulikia mzigo, asilimia 0.3464: dola 277
- Ada ya matengenezo ya bandari kwa mzigo wa meli, asilimia 0.125: dola 100

Jumla ni dola 120,377, na bado hajalipa nauli ya meli, bima, wakala wa forodha wala lori la kufikisha karakanani.

Kiasi hicho kinauma, lakini muda wa kukilipa unauma zaidi. Hati ya muhtasari, fomu namba 7501, hutakiwa pamoja na ushuru wake ndani ya siku 10 za kazi tangu mzigo uachiliwe. Aliyejiunga na utaratibu wa malipo ya mwezi anaweza kusubiri hadi siku ya 15 ya kazi ya mwezi unaofuata. Baada ya hapo chuma kinakatwa, kinapindwa, kinachomelewa, kinapakwa rangi, trela inakabidhiwa, na mteja analipa siku 60 baada ya ankara. Zile dola 40,000 zimetoka mfukoni miezi kadhaa kabla ya kurudi, na mara nyingi ni fedha za mkopo. Kati ya Julai 2023 na Septemba 2024 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50, na karakana ndogo hukopa kwa riba ya juu ya hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulijua wakishakwama. Mwagizaji wa mara kwa mara lazima awe na dhamana ya kudumu ya forodha, ambayo kiwango chake ni asilimia 10 ya ushuru na ada alizolipa katika miezi 12 iliyopita, na haipungui dola 50,000. Aliyekuwa akiingiza chuma cha dola milioni 4 kwa mwaka bila ushuru alitosheka na dhamana ya 50,000. Ushuru ukiwa asilimia 50, anadaiwa milioni 2 kwa mwaka, na dhamana inapanda hadi 200,000. Forodha humwandikia kwamba dhamana haitoshi. Asipoiongeza kwa wakati, mizigo inayofuata haitoki. Kampuni ya bima inayoitoa dhamana nayo inaweza kudai fedha taslimu au barua ya benki kama rehani, na hapo mtaji wa kuendeshea kazi unazidi kufungwa.

Je, muuzaji wa nje hapunguzi bei? Mary Amiti, Stephen Redding na David Weinstein walichunguza ushuru wa 2018 na kukuta karibu mzigo wote uliangukia upande wa Marekani. Walipofuatilia tena mwaka 2020 waliona wauzaji wa chuma wa nje wameanza kushusha bei, baada ya kama mwaka mmoja. Kwa bidhaa nyingine, mnunuzi aliendelea kubeba. Mwaka mmoja ni muda mrefu kwa karakana yenye mikataba ya bei isiyobadilika.

Dhana: Kiwanda kinachonunua chuma cha Marekani hakiguswi na ushuru

Hii ndiyo dhana inayopotosha watu makini zaidi, kwa sababu inasikika kuwa ya kimantiki. Lakini kiwanda cha kuyeyusha chuma cha ndani huangalia bei ya mshindani wa nje ikiwa na ushuru ndani yake, halafu hupandisha bei yake karibu na hapo. Mnunuzi wa chuma cha Indiana hulipia ushuru ambao serikali haikuuona. Ndiyo maana wafanyakazi makumi ya maelfu wa viwanda vya kuyeyusha hupumua, huku mamilioni walio katika viwanda vinavyotumia chuma wakibanwa.

Aaron Flaaen na Justin Pierce wa Benki Kuu ya Marekani waliutazama ushuru wa 2018 kwa njia tatu: ulinzi dhidi ya bidhaa za nje, kupanda kwa gharama za mali ghafi, na ushuru wa kisasi uliowekwa na nchi nyingine. Walikuta faida ndogo ya ulinzi ilimezwa na hasara za njia mbili nyingine, na ajira za viwandani zilipungua katika sekta zilizoguswa zaidi.

Mfano wa mashine za kufulia unaonyesha bei inavyosambaa. Ushuru wake ulianza mapema 2018. Flaaen, pamoja na Ali Hortaçsu na Felix Tintelnot, walikuta bei ya mashine ya kufulia ilipanda kwa takribani dola 86, na ya mashine ya kukausha nguo kwa takribani dola 92, ingawa mashine za kukausha hazikutozwa ushuru huo. Huuzwa mbili kwa pamoja, basi wauzaji waligawa ongezeko. Ajira mpya zilikuwa kama 1,800. Gharama kwa walaji ilikuwa kama dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Gawanya uone: zaidi ya dola 800,000 kwa kila ajira.

Tatizo la pili ni mshindani wa nje. Kiwanda cha nchi jirani kinanunua chuma kwa bei ya soko la dunia, kinatengeneza bidhaa kamili, kisha kinaiuza Marekani. Kuziba tundu hilo, mwaka 2025 serikali iliongeza mamia ya bidhaa zenye chuma na alumini kwenye orodha ya ushuru: bolti, nati, vipuri, mashine. Dawa hiyo ilileta maradhi yake. Kwa kanuni za mwaka huo, mwagizaji alitakiwa kutaja thamani ya chuma kilichomo ndani ya bidhaa na nchi kilikoyeyushwa na kumiminwa. Kwa alumini, alitakiwa kutaja nchi ilikoyeyushwa na ilikokalibiwa, na asipojua, alihatarisha kutozwa asilimia 200, kiwango cha alumini ya Urusi. Muuzaji wa bolti aliyenunua fito kwa dalali mara nyingi hana jibu. Cheti cha kiwanda cha chuma kinapaswa kuombwa kabla ya kuthibitisha oda. Mzigo ukishapanda meli umechelewa.

Wengine hutegemea marejesho: anayesafirisha bidhaa nje anaweza kudai asilimia 99 ya ushuru wa mali ghafi, ndani ya miaka 5 tangu aingize. Utaratibu huo upo, na hufanya kazi kwa ushuru mwingine, wa Kifungu cha 301, dhidi ya bidhaa za China. Kwa ushuru wa chuma na alumini wa Kifungu cha 232, mwaka 2025 ulikuwa umefungwa.

Kwa karakana, kinga iliyo karibu zaidi imo kwenye mkataba wa mauzo: bei ya chuma ifungamanishwe na fahirisi ya bei inayotangazwa kila wiki, ushuru uandikwe mstari wake peke yake, na nukuu ya bei idumu siku 10 badala ya 60. Wengi walioumia mwaka 2021, koili ilipovuka dola 1,900 kwa tani, walikuwa na nukuu za miezi mitatu.

Dhana: Ajira zote zilichukuliwa na China; au, zote na roboti

Kila upande una nusu ya ukweli. Kati ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, viwanda vya Marekani vilipoteza ajira zaidi ya milioni 5. China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na wachumi Daron Acemoglu, David Autor na wenzao wanakadiria kuwa ushindani wa bidhaa zake kati ya 1999 na 2011 uligharimu uchumi mzima ajira milioni 2.0 hadi 2.4. Idadi hiyo ni kubwa, na iliangukia miji michache ya samani, nguo na vifaa vya umeme. Ndiyo maana kidonda hakijapona. Haifiki jumla yote.

Roboti nazo zimelaumiwa kupita kiasi. Mwaka 2023 Marekani ilikuwa na roboti 295 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani. Ujerumani 429, China 470, Korea Kusini 1,012. Ujerumani na Korea bado zina sehemu kubwa zaidi ya uchumi wao viwandani. Na jambo linalopaswa kuwatia wasiwasi watunga sera ni kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, uzalishaji kwa saa moja ya kazi katika viwanda vya Marekani haujapanda kwa maana yoyote. Kiwanda kinachohitaji mashine mpya na hakinunui hupoteza kwa mshindani aliyenunua.

Dhana: Kiwanda kikubwa kikitangazwa, ajira zimeshafika

Mwaka 2017 Foxconn iliahidi dola bilioni 10 na ajira 13,000 huko Wisconsin. Mkataba mpya wa 2021 ulizungumzia dola milioni 672 na ajira 1,454. Hata ujenzi unapokuwa wa kweli, hesabu ya ajira ni tofauti na ya saruji: matumizi ya ujenzi wa viwanda yalifikia kasi ya takribani dola bilioni 240 kwa mwaka katikati ya 2024, lakini ajira za viwandani mwaka huo zilipungua kidogo. Kiwanda cha chipu ni mali nyingi na watu wachache.

Dhana: Vijana wa Marekani hawataki kazi ya kiwandani

Swali la kwanza liwe mshahara. Zamani kazi ya kiwandani ililipa kuliko wastani; tangu mwaka 2007 hivi, fundi wa uzalishaji analipwa kwa saa chini ya wastani wa wafanyakazi wenzake wa sekta binafsi. Marupurupu hupunguza pengo hilo, lakini kijana husoma tangazo, na tangazo lina mshahara. Swali la pili ni muda: uanagenzi wa fundi wa mashine za kukata chuma huchukua saa 8,000, yaani miaka minne hivi. Ushuru hubadilika kwa tamko la usiku mmoja. Fundi hawezi kupatikana kwa kasi hiyo.

Dhana: Punguzo la kodi humfaa kila mwenye kiwanda

Sheria ya kodi ya 4 Julai 2025 ilirudisha haki ya kukata gharama yote ya mashine mwaka wa kwanza, kwa mali iliyopatikana baada ya 19 Januari 2025. Mashine ya dola 600,000, kwa kodi ya kampuni ya asilimia 21, huokoa dola 126,000 mwaka huohuo. Lakini huko ni kuwahishiwa fedha ambazo zingepatikana polepole, na asiye na faida ya kutozwa kodi haoni senti mwaka huo. Hasara yake huhamishiwa miaka ijayo.

Dhana: Asilimia 65 ya vipuri ikitoka ndani, bidhaa ni "Made in USA"

Hapa huchanganywa sheria tatu. Ununuzi wa serikali kuu chini ya sheria ya 1933 hudai asilimia 65 ya gharama ya vipuri tangu 2024, na 75 kuanzia 2029. Miradi ya miundombinu chini ya sheria ya 2021 hudai zaidi ya asilimia 55 kwa bidhaa za viwandani, ila chuma chake lazima kipitie hatua zote Marekani, kutoka kuyeyushwa hadi kupakwa rangi. Lebo ya dukani husimamiwa na Tume ya Biashara, FTC, na sharti lake ni kwamba vipuri vyote au karibu vyote, pamoja na uunganishaji wa mwisho, viwe vya Marekani. Bidhaa iliyofaulu zabuni ya serikali kwa asilimia 65 ikibandikwa lebo hiyo bila maelezo ni kosa lenye faini. Ikiandikwa kuwa imeunganishwa Marekani kwa vipuri vya nje, na iwe hivyo kweli, inaruhusiwa. Anayeandaa kifungashio aombe kwa idara ya ununuzi orodha ya vipuri yenye nchi na gharama ya kila kimoja, na aisahihishe kila msambazaji anapobadilishwa.