Elimu kwa umma: Swali la Mbunge huanzia kwenye karatasi

Kila mkutano wa bajeti unapokaribia, malalamiko kwamba "Mbunge wetu haulizi" huongezeka, na jijini Dar es Salaam ndiko tunakoyasikia sana. Wengi hutazama kipindi cha maswali kwenye runinga wakadhani kila anayesimama anauliza lililomjia asubuhi hiyo. Sivyo. Swali la msingi huandikwa, husainiwa na Mbunge na kuwasilishwa mapema kwa Katibu wa Bunge. Likikubaliwa hupelekwa wizarani liandaliwe jibu, ndipo lipewe namba na kuingia kwenye Orodha ya Shughuli. Kumpigia Mbunge simu usiku ili barabara yako iulizwe kesho yake ni kudai kisichowezekana.

Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inampa Mbunge haki ya kumwuliza Waziri swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Barabara ya mtaani Kivule ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hivyo swali huenda TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, huenda Wizara ya Ujenzi. Bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ni Wizara ya Maji. Taka zisizozolewa mtaani kwako zianze kwa diwani.

Swali hukataliwa likibeba hoja au maoni, likitumia lugha ya kuudhi, likigusa shauri lililo mahakamani au likirudia lililokwisha kujibiwa. Na taarifa mnazompa Mbunge ziwe za kweli. Akitiliwa shaka anaweza kutakiwa athibitishe au afute kauli. Akikaidi yote mawili, anaweza kusimamishwa asihudhurie vikao. Adhabu hiyo humpata yeye, si aliyemletea uvumi.

Hata lililokubaliwa linaweza kuwa legevu. "Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha barabara za jimbo letu?" litajibiwa kwamba mpango upo, fedha zikipatikana. Taja kipande chenyewe, kinapoanzia na kinapoishia, kisha uliza: ni lini kitakamilika, na mkandarasi amelipwa kiasi gani hadi sasa? Hapo Waziri atatoa tarehe na kiasi, la sivyo kila mtu ataona kwamba hakutoa. Mkitaka takwimu za kata zote, ombeni jibu la maandishi; jibu la mdomo ni la dakika chache, halibebi majedwali.

Jibu likishatolewa, mwenye swali hupata nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, ambayo lazima yatokane na jibu hilo. Hapa ndipo Mbunge aliyeandaliwa vizuri na wananchi wake hung'ara. Nakilini kibao cha mradi: jina la mkandarasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Pigeni picha zenye tarehe, mzipeleke ofisi yake ya jimbo kabla hajaondoka kwenda Dodoma.

Tafadhali, Naibu Waziri akijibu si dharau. Anajibu kwa niaba ya Waziri, na jibu hilo ni la Serikali.

Jibu halitoi fedha. Fedha hutoka kwenye bajeti. Ila linabaki kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansadi, zinazopatikana kwenye tovuti ya Bunge. Andikeni namba ya swali na tarehe ya kikao. Muda ulioahidiwa ukipita kazi haijafanyika, mpeni Mbunge namba hiyo aulize upya akirejea jibu la kwanza.