Mtoto wa mjeda Marekani akifika miaka 21: yanayosemwa Moshi kuhusu bima yake, na ukweli

Siku hizi Moshi si ajabu ukoo kuwa na mtu jeshini Marekani. Alienda kwa green card, akajiunga, akazaa huko, na leo watoto ni vijana kabisa. Desemba wakija kula sikukuu Machame au Kibosho maneno ya bima yanaanza, kila shangazi ana lake na mengi sio kweli. Jamani hili sio jambo la kubahatisha, kule kijana asiye na bima akivunjika mkono tu anaweza kubeba deni la miaka.

Linaloongoza ni hili: "baba yake mjeda, huyo anatibiwa bure mpaka azeeke." Hapana. Bima ya wanajeshi na familia zao inaitwa TRICARE, na kwa mtoto wa kawaida inaisha siku anayotimiza miaka 21. Akiwa chuo full-time na mzazi ndo anabeba zaidi ya nusu ya matunzo yake, inasogea mpaka 23 au siku anayomaliza chuo, lolote litakalotangulia. (Mwenye ulemavu wa tangu utotoni unaomzuia kujitegemea ana utaratibu wake, anaweza kuendelea.) Sasa hapo kwenye chuo ndo watu wanaumia, maana mfumo wa usajili wa jeshi, wanauita DEERS, haujui kama mtoto anasoma mpaka mzazi apeleke barua ya msajili wa chuo. Usipopeleka, birthday ya 21 ikifika anaonekana hana haki tena, hata kama muda huo yuko darasani anafanya mtihani.

La pili utasikia "si Obama alipitisha mpaka 26?" Alipitisha kweli, mwaka 2010, ila ile sheria iligusa bima za kiraia, TRICARE haikuwemo. Kwa watoto wa wanajeshi ikaja TRICARE Young Adult mwaka 2011, nayo inafika 26 lakini UNAINUNUA, haiji yenyewe. Kijana asiwe ameoa au kuolewa, na asiwe na haki ya bima ya kazini kwake mwenyewe. Ina aina mbili, Select na Prime: kwa 2025 Select ilikuwa dola 337 kwa mwezi na Prime dola 727, na hiyo ni kwa kila mtoto, ukiwa na wawili unalipa mara mbili. Na matibabu ya meno hayamo.

Wakisikia bei hizo wanasema basi hakuna njia nyingine. Zipo, na mimi naona hapa ndo familia nyingi zinapoteza hela bure. Dada zetu wengi kule ni manesi, na kama mama ana bima ya familia kazini kwake, ile sheria ya 2010 inamruhusu kumweka mtoto mpaka 26, hata kama ameshaoa! Muulizeni mama kwanza kabla ya kukimbilia kulipa bei hizo. Kuna bima za vyuo, kuna Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kutegemea na jimbo, kuna na soko la bima la serikali ambako unaweza kupata punguzo, ila mzazi akimtaja kijana kama mtegemezi kwenye kodi basi kipato cha mzazi nacho kinahesabiwa.

"Atajiandikisha akishapata nafasi." Hapana, haraka! Akipoteza TRICARE ana siku 60 tu za kuingia kwenye lile soko nje ya msimu wake wa kujiandikisha, na siku 60 hizo hizo kwa bima ya mpito ya jeshi inayoitwa CHCBP, ambayo inaweza kumbeba mpaka miezi 36. Ni ghali na unalipa kwa miezi mitatu mitatu, lakini kwa kijana aliye katikati ya matibabu unaokoa.

Mwisho ni letu la huku: "akija Moshi ile kadi ya TRICARE haina kazi." Ina kazi, sema sio ya kuonyesha dirishani ukapita. Kwa kawaida unalipa cash kwanza ndo unadai. Kijana mmoja wa kwetu alianguka na bodaboda njia ya Marangu, baba mdogo akalipa, akaondoka na kikaratasi chenye jumla tu, na jumla peke yake haitoshi kabisa. Ombeni bili yenye mchanganuo: jina la mgonjwa, tarehe, ugonjwa, kila huduma na bei yake, X-ray mbali, dawa mbali, halafu na risiti ya malipo. Inaambatanishwa na fomu ya kudai TRICARE, DD 2642, na kwa matibabu ya nje ya Marekani mna miaka mitatu ya kudai, kwa hiyo hata huyo aliyeanguka na bodaboda Desemba iliyopita, kama bima yake ilikuwa hai siku ile, rudini hospitali mkaombe mchanganuo wake.