Pointi za kubaki Ligi Kuu hazipo kwa Simba wala Yanga

Kazi yangu ni kuzisaidia klabu kupanga bajeti na usajili. Timu ya Arusha au Moshi ikinusa tu kupanda daraja, viongozi wake hunipigia, na swali la kwanza huwa lilelile: Yanga akija kwetu, kiingilio tuweke shilingi ngapi?

Mimi huanza na hesabu nyingine. Ligi ya timu 16 ina mechi 30. Simba, Yanga na Azam unakutana nao mara sita; hata ukiwafunga wote nje na ndani, unavuna pointi 18, na huwafungi wote. Mechi 24 zilizobaki zina pointi 72. Humo ndimo timu mpya hupona au hushuka.

Ugonjwa wetu ni kukamia. Wiki nzima timu iko kambini kwa ajili ya Simba, posho zimeongezwa, vigogo wa mkoa wanapita kutoa ahadi. Sare inapatikana, mji mzima unashangilia. Siku nne baadaye anakuja mgeni wa katikati ya msimamo, majukwaa ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, yana watu wa kuhesabika, miguu ya wachezaji mizito, na timu inalala bao moja. Nani anaikumbuka mechi hiyo? Msimamo unaikumbuka. Halafu tuambizane ukweli: siku Yanga anacheza Arusha, majukwaa ni kijani na njano, na mwenyeji ndiye anayezomewa.

Mbeya City walipopanda msimu wa 2013/14, chini ya Juma Mwambusi, walimaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Nafasi hiyo haipatikani kwa kumbania mkubwa mara moja. Inataka kuwafunga wa saizi yako wiki baada ya wiki. Msimu huohuo Oljoro JKT ya Arusha, iliyokuwa imepanda mwaka 2011, ilishuka.

Oljoro ni timu ya jeshi. Polisi Tanzania, iliyocheza zaidi Uwanja wa Ushirika pale Moshi tangu ipande mwaka 2019 hadi iliposhuka 2023, nayo ina taasisi nyuma yake. Sioni kama ni bahati kwamba zote mbili zilidumu misimu kadhaa kabla ya kushuka. Timu ya taasisi ina pa kushika mambo yakiwa magumu. Timu ya wananchi humtegemea mfadhili mmoja, naye ikifika Novemba, baada ya vipigo vitatu mfululizo, simu yake haipokelewi.

Na gharama hazimsubiri. Arusha hadi Mbeya kwa basi, kupitia Babati, Dodoma na Iringa, ni karibu kilomita 1,000. Ukiwasafirisha wachezaji moja kwa moja ili kuokoa pesa ya hoteli, umeziuza pointi tatu kwa bei ya vitanda. Walale Dodoma, wafanye mazoezi mepesi asubuhi, ndipo waendelee.

Ila kinachonikosesha usingizi zaidi ni makaratasi. Kitayosce, klabu iliyoanzia Kilimanjaro kabla ya kuhamia Tabora, ilifungua msimu wake wa kwanza Agosti 2023 dhidi ya Azam huku usajili ukiwa umekwama. Iliingia uwanjani pungufu, ikafungwa mabao manne dakika za mwanzo tu, wachezaji wakabaki chini ya saba na mwamuzi akamaliza mechi. Kocha yeyote angefanya nini pale?

Kwa hiyo ninapoketi na klabu iliyopanda, orodha ya majina mapya naiweka pembeni kwanza. Naomba mafaili ya walioachwa: nani mkataba wake ulivunjwa, nani anadai mishahara, nani ameshapeleka shauri lake TFF, shirikisho la soka nchini, au FIFA, maana deni la namna hiyo linaweza kuifungia klabu usajili. Hao walipwe, au wakubaliane na klabu kwa maandishi, kabla hujamuulizia bei straika wa nje.