Ndege wa Karibu na Nyumbani Nchini Uingereza: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayeanza kupiga picha za ndege nchini Uingereza huambiwa mapema kwamba asipokuwa na lenzi ndefu ya bei kubwa, na asiposafiri hadi visiwa vya Scotland, hatapata kitu cha maana. Ukweli ni kwamba robini, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, humfuata mtu anayechimba bustani yake akingojea nyungunyungu wanaofukuliwa, na hutua hatua mbili tatu tu kutoka miguuni pake. Nimempiga picha akiwa juu ya mpini wa beleshi nililokuwa nimelichomeka ardhini, mimi nikiwa mlangoni mwa jikoni na lenzi ya kawaida kabisa. Picha zangu za mwanzo hazikuharibiwa na ufupi wa lenzi. Ziliharibika kwa sababu nilisimama wima na kumpiga kutoka juu, akamezwa na tope la nyuma yake. Nilipopiga magoti hadi lenzi ikawa sawa na jicho lake, ndipo alipoonekana. Wengi hudhani pia kwamba anayeimba wakati wa baridi ni dume peke yake, ilhali jike naye huimba, kwa kuwa katika miezi hiyo kila mmoja hulinda eneo lake.

Kuhusu kasuku wa kijani wanaopiga kelele katika bustani za London, husimuliwa kwamba walitokana na jozi moja iliyoachiliwa na mwanamuziki Jimi Hendrix. Hadithi ni tamu, lakini kasuku hao walikwisha kuonekana Norfolk, mashariki mwa England, mwaka 1855, na Hendrix alizaliwa mwaka 1942.

Kwa aliyekulia Afrika Mashariki, jina la mwewe humkumbusha vifaranga walionyakuliwa uani, hivyo akiwaona mwewe wekundu wakizunguka juu ya mapaa ya mji wa Reading huamini kwamba wanawatafuta paka wa watu, na si yeye peke yake, maana hata wenyeji wapo wanaoamini hivyo. Mwewe huyu, pamoja na upana wa mabawa yake, ana uzito wa takriban kilo 1 na miguu isiyo na nguvu nyingi, na chakula chake kikubwa ni mizoga, nyungunyungu na wanyama wadogo. Alikuwa ametoweka kabisa England kabla ya karne ya 20. Wanaoonekana Reading leo wanatokana na ndege walioletwa kutoka Hispania na kuachiliwa katika vilima vya Chilterns kati ya mwaka 1989 na 1994. Anayetaka kumpiga picha aongeze mwanga kwa stopu 1 hivi, yaani uwe takriban mara mbili, kwa sababu anga jeupe huidanganya kamera na mwewe hutoka mweusi kama kivuli.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi ni ile isemayo kwamba kupiga picha si kugusa, na kwa hiyo kukisogelea kiota hakuna madhara. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, inayotumika England, Wales na Scotland, hulinda viota vya ndege wa porini, na kwa ndege walioorodheshwa humo, wakiwemo mdiria na mwewe mwekundu, ni kosa kumsumbua kwa makusudi au kwa kutojali akiwa kiotani, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kinda aliye chini na manyoya yake tayari naye aachwe alipo, kwani makinda wengi hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri na wazazi huendelea kuwalisha.

Dalili ya kwamba umekaribia mno haihitaji sheria kuieleza: mzazi ametua tawini, mdomo umejaa viwavi, anarukaruka huku na huku wala haingii kiotani. Anakungoja wewe uondoke.