Umekosa siku moja ya mazoezi? Usiache, hujaharibu kitu

Kila mwanzo wa mwaka tunakutana na watu wa namna hii: kanunua raba mpya, kalipia jimu miezi 3, wiki ya kwanza kaenda bila kukosa, wiki ya pili mtoto kaumwa au mvua imepiga akakosa siku moja, basi ndo mwisho, hajarudi tena. Ukimuuliza anakwambia mi mvivu tu, sina nidhamu. Hilo neno mvivu linaumiza watu wengi sana na mara nyingi sio kweli.

Tatizo linaanzia kwenye ile habari ya siku 21, kwamba ukifanya kitu siku 21 kinakuwa mazoea. Namba hiyo wengi wanaifuatilia hadi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 kuzoea sura zao mpya. Alikuwa anaongelea sura, sio kuamka saa 11 alfajiri ukimbie.

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa utafiti wa watu 96, kila mtu akachagua jambo lake moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakafuatiliwa wiki 12. Kwa makadirio yao mtu wa katikati alihitaji siku 66, wengine 18 tu, wengine hadi 254! Na waliochagua mazoezi walichelewa zaidi, yaani mwili kuzoea kutembea sio sawa na kuzoea glasi ya maji. Ila ninachotaka ukishike ni hiki, kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma kwa maana yoyote kubwa. Kwa hiyo anayekosa Jumatatu akarudi Jumanne yuko palepale, anayeacha kabisa kwa aibu ndo anapoteza.

Jambo lingine linatuhusu hata sisi tunaotoa elimu. Uingereza mwaka 2002 wanafunzi wa chuo waligawanywa makundi. Waliosomeshwa tu kuhusu ugonjwa wa moyo, waliofanya mazoezi wiki iliyofuata walikuwa kama asilimia 35, hawakuwazidi hata ambao hawakusomeshwa. Waliosomeshwa halafu wakaandika siku, saa na mahali, wakafika asilimia 91. Kumtisha mtu na presha peke yake hakumtoi kwenye kochi jamani.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au kitu kama hicho, na sio lazima kwa mkupuo. Una kisukari au moyo unasumbua, ongea na daktari wako kwanza. Halafu chukua karatasi uandike sentensi moja, mfano "Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini nashuka daladala kituo kimoja kabla, natembea mpaka nyumbani", na chini yake andika mvua ikinyesha utafanya nini.