Buibui la Poliesta Halitoi Kishikio cha Sufuria

Kila mteja anapoweka nguo iliyochakaa juu ya meza yangu ya kukatia, huwa ninalijua swali litakalofuata: "Fundi, hii si itatoa vitambaa vya jikoni?" Safari hii nguo yenyewe ilikuwa buibui, poliesta tupu, na mama aliyelileta alitaka limtolee vishikio vya sufuria, kisha kitakachosalia kiwe mawinda ya mjukuu anayetarajiwa. Nilipomweleza kwamba buibui lile haliwezi kazi hata moja kati ya hizo mbili, alinijibu kwa upole wa mtu anayemvumilia mtoto: "Fundi, nguo ni nguo." Nimeamua kuyaandika haya ili nipate mahali pa kuwaelekeza watu, badala ya kuhubiri huku cherehani imesimama.

Kabla ya kuuliza nguo itakuwa nini, uliza ilifumwa kwa nyuzi za nini. Pamba iliyotulia katika hewa ya unyevu wa wastani huwa imebeba maji ya takriban asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Poliesta, katika hewa hiyohiyo, haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana tambara la poliesta halifuti maji mezani, bali huyasukuma kutoka upande huu hadi ule. Hapa hutokea mjuaji akaniambia kwamba vile vitambaa vya maikrofaiba vya kufutia vioo navyo vina poliesta, na vinanyonya vizuri. Ni kweli. Nyuzi zake zimepasuliwa zikawa nyembamba mno, hivyo maji hunaswa katika nafasi zilizo kati yake, si ndani ya uzi wenyewe. Buibui halikutengenezwa hivyo, na mkasi wangu hauwezi kulibadilisha.

Kuhusu vishikio vya sufuria sina mzaha. Poliesta huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 250 hadi 260 za Selsiasi, na mwali wa gesi au kaa jekundu la jiko hupita hapo kwa mbali. Pamba huungua ikatoa moshi, nawe ukapata nafasi ya kuitupa. Poliesta iliyoyeyuka hugandana na ngozi na kuendelea kuichoma. Kishikio cha kuaminika ni jinzi ya pamba pande zote mbili, katikati leso kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, kisha mishono ya kukingamana ili tabaka zisihame. Nacho kitumike kikiwa kikavu, kwa sababu kikilowa hupitisha joto upesi hadi kiganjani. Uzi nao ungefaa uwe wa pamba, ingawa nakiri kwamba ninapoukosa hushonea wa poliesta, nao ukifichwa ndani ya pindo sijaona ukileta balaa.

Lile buibui lina kazi zake pia. Kitambaa kisichonywa maji hukauka upesi na hakipati koga kwa urahisi, jambo ambalo mkazi yeyote wa Mombasa anayefungua kabati wakati wa masika atalithamini. Lifanye bitana ya mkoba wa sokoni, mfuko wa viatu, au mfuniko wa feni na cherehani. Mikoba ndiyo ninayoulizwa zaidi, hasa tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na mkoba wa jinzi wenye bitana ya poliesta hustahimili hata samaki wa Marikiti waliofungwa vibaya.

Jinsi ya kuzitambua nyuzi ni kuzichoma. Chomoa chache kutoka ndani ya pindo, zishike kwa kibano juu ya sinki, uziwashe. Pamba hushika moto mara moja, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi linalopukutika. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, hutoa moshi mweusi, na kuacha donge gumu lisilovunjika kwa vidole. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Maelezo ya vitabuni huishia hapo, kana kwamba kila nguo ni ya uzi wa aina moja. Mashati mengi ya kazini na sare nyingi za shule ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, nao hutoa harufu ya karatasi na donge kwa pamoja, na kuna siku ninatazama kilichobaki kwenye kibano nisiweze kusema ni upi uliozidi. Hapo huuacha moto nikadondosha tone la maji juu ya kitambaa: likizama mara moja, kitambaa kitafuta meza, likikaa juu kama shanga, hakitafuta. Hata kipimo hiki hudanganya ikiwa nguo imezoea dawa ya kulainishia, kwa maana dawa hiyo huacha utando unaozuia maji. Ifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, ndipo uihukumu.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni viskosi, ambayo wauzaji wengine huiita rayoni. Hii hutengenezwa kutokana na rojo la mbao, kwa hiyo huungua na kunuka sawasawa na pamba, na katika kunyonya maji huishinda pamba yenyewe. Mtu huchoma uzi wa dera lake, akanusa karatasi, akaridhika kwamba amepata kitambaa cha kudekia cha miaka mingi. Asichoambiwa ni kwamba viskosi ya kawaida ikilowa hupoteza theluthi hadi nusu ya nguvu zake, ilhali pamba ikilowa huongeza nguvu kidogo. Dera laini linalomwagika vizuri mwilini mara nyingi ni viskosi. Litayanywa maji yote ya sakafu, kisha litachanika mikononi mwa anayelikamua, naye atarudi kwangu kulalamika kwamba nguo za siku hizi hazina maana. Kipimo chake hakihitaji kiberiti. Chomoa nyuzi mbili zinazolingana, lowesha moja, uzivute zote mbili. Ile iliyolowa ikikatika kwa wepesi zaidi, dera hilo liwe foronya au vazi la kulalia, na lisiione ndoo.

Mawinda ni kazi ya leso, ile ya pamba, kwa sababu siku hizi za poliesta nazo zipo madukani na rangi zake huvutia. Leso mpya iliyotoka madukani ya Barabara ya Biashara, Mombasa, ina dondo, yaani wanga wa kukazia kitambaa, na kwa sababu hiyo hainyonyi vizuri mpaka ifuliwe mara kadhaa. Leso iliyochakaa imekwisha kutoka dondo yote na nyuzi zake zimelegea, ndiyo maana wazee walimtunzia mtoto mchanga leso kuukuu na kumwachia mama yake ile mpya. Leso moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, hivyo ukiigawa vipande vinne unapata vya kukunjika vizuri. Iangalie kwanza dhidi ya dirisha: panapopitisha mwanga mwingi kuliko kwingine pamekwisha, hata kama hapajatoboka. Jicho hilohilo litumie kwa shati, ambalo hufa kwenye kola, viwiko na kwapa huku mgongo na sehemu iliyokuwa ikichomekwa ndani ya suruali vikiwa vizima kabisa.

Fulana hutaka mkono tofauti, kwa kuwa imefumwa kwa vitanzi na haichambuki ovyo ikikatwa. Tandaza fulana ya pamba, kata mstari chini ya kwapa, ondoa pindo la chini, nawe utabaki na bomba. Likate kwa kuzunguka, upana wa sentimita 3 hivi, kwa namna ambayo kila duru inaingia katika duru inayofuata, hadi upate ukanda mmoja mrefu. Uvute kwa nguvu, nao utajikunja wenyewe ukawa kamba ya mviringo. Kamba tatu zikisukwa pamoja hutoa msuko unaoshonwa kama ukili wa mkeka, ubavu kwa ubavu, ukizungushwa kuanzia katikati, na hapo ndipo wengi huharibu kwa kuvuta uzi hadi zulia likainuka kingo na kuwa bakuli. Lishonee likiwa limelala mezani, ulegeze msuko kila unapopinda kona.

Jinzi nitaipita haraka. Ondoa zile pini za shaba kabla ya kushona. Jacob Davis, fundi cherehani mwenzetu wa Nevada, Marekani, aliyepata hataza yake pamoja na Levi Strauss mwaka 1873, aliziweka ili mifuko isichanike, nazo bado zinazivunja sindano zetu. Tumia sindano namba 16, na usikate kipande chochote kutoka sehemu ya mapaja yanayosuguana.

Jambo la mwisho ni mito ya kukalia, ambayo watu hupenda kuijaza vipande vyote vilivyosalia. Vipande vya pamba katika hewa yetu hushika unyevu, hujikusanya pembeni, na mto huwa mzito usioweza kufuliwa wala kukauka. Jaza sufi ukiipata. Ukilazimika kutumia matambara, yakate madogo sana, uyatie ndani ya mfuko wa pili wenye zipu ili uweze kuyatoa kila kiangazi na kuyaanika juani, na usiniletee mimi niyakate, kwa sababu kazi hiyo huchukua nusu ya siku na hakuna anayekubali kuilipia.